Dinari Mbili, Mzizi Mmoja: Iraq, Kuwait na Jedwali Linalosomwa Vibaya

Aprili 1961, Kuwait ilipotoa dinari yake ya kwanza, dinari hiyo ilikuwa sawasawa na dinari ya Iraq. Haikupungua wala kuzidi hata filsi moja, sehemu ya elfu ya dinari. Leo mwenye dinari moja ya Kuwait hawezi kuiachia mpaka alipwe zaidi ya dinari 4,000 za Iraq. Nchi hizi zimepakana, zinasema lugha moja, zote mbili zinakalia mafuta, na fedha zao zilizaliwa chini ya kivuli cha paundi ya Uingereza. Sioni jozi nyingine ya sarafu za Kiarabu yenye mafunzo mengi kama hii, wala inayosomwa vibaya kama hii.

Inasomwa vibaya kwa sababu watu huchukua jedwali la viwango vya miaka iliyopita, wakaona tarakimu zimepangwa safu kwa safu, wakaamini kuwa kila tarakimu ni bei ambayo yeyote angeuza na kununua siku ile. Kiwango cha kubadilisha fedha ni mapatano, na mapatano yana wenyewe. Kwa kila mwaka ulioandikwa kwenye jedwali ni lazima tuulize: nani aliruhusiwa kubadilisha kwa bei hii, na nani alizuiwa mlangoni?

Mzizi wa dinari zote mbili ni rupia ya India. Iraq ilipoiacha rupia tarehe 1 Aprili 1932, dinari moja ilihesabiwa kuwa rupia 13 na theluthi, ikafungwa sawa na paundi moja. Kuwait iliendelea na rupia kwa karibu miaka 30 zaidi. Kuanzia 1959 ilitumia rupia maalumu ya Ghuba, ambayo India iliitoa kwa ajili ya nchi hizo ili kudhibiti magendo ya dhahabu. Mwaka 1961 nayo ikatoka kwa hesabu ileile ya rupia 13 na theluthi. Wazee wa Zanzibar wangeitambua hesabu hiyo mara moja. Rupia ya Zanzibar ilipoondolewa mwaka 1936, kila rupia ililipwa shilingi moja na nusu ya Afrika Mashariki, na kwa kuwa shilingi 20 zilikuwa paundi kamili, rupia 13 na theluthi zinatimiza paundi hiyohiyo. Basra, Kuwait na Unguja zilikuwa kwenye daftari moja, na daftari lenyewe lilikuwa London.

Usawa huo wa mwanzo ulikuwa na maana halisi. Nyuma ya kila dinari kulikuwa na akiba ya paundi, na mtu alipotaka paundi alipewa. Serikali haikuwa na nafasi ya kuchapisha noti ili kujilipia madeni yake. Ulikuwa mfumo wa kikoloni, na sina hamu ya kuusifu, kwa sababu akiba ya wananchi ilifungwa kwenye hazina za Uingereza ilhali kwao hakuna barabara wala hospitali za kutosha. Lakini bei iliyoandikwa ndiyo iliyokuwa bei ya dukani.

Siasa haikusubiri. Kuwait ilipata uhuru tarehe 19 Juni 1961, na kabla ya wiki kwisha Abdul Karim Qasim, mtawala wa Baghdad, akatangaza kuwa Kuwait ni sehemu ya Iraq. Dinari mpya ilikuwa na umri wa miezi miwili na ushei, na jirani yake tayari anaitaka nyumba nzima.

Hata hivyo fedha hizi mbili ziliendelea kutembea bega kwa bega. Iraq ilikuwa imehamia kwenye dola mwaka 1959, kwa dola 2.80 kwa dinari. Novemba 1967 Uingereza ilipoishusha paundi kutoka dola 2.80 hadi 2.40, hakuna hata moja kati ya dinari hizi iliyoifuata. Dola nayo iliposhushwa mwaka 1971 na tena 1973, dinari hazikushuka nayo, na ile ya Iraq ikapanda kufikia dola 3.38 hivi. Machi 1975 Kuwait ikachagua njia yake: ikaifunga dinari kwenye kapu la sarafu mbalimbali badala ya dola peke yake. Iraq ikabaki na dola. Mwaka 1982 Iraq ikaishusha dinari yake kwa asilimia 5 tu, ikasimama kwenye dola 3.2169, na hapo ikagandishwa.

Kwenye karatasi, basi, katika muongo wote wa 1980 dinari moja ya Kuwait haikuzidi dinari moja na filsi 200 za Iraq. Mtu akichora mchoro kwa tarakimu hizo ataona mistari miwili inayokaribia kugusana, kisha ataandika kwamba Iraq ya wakati huo ilikuwa na fedha imara sawa na ya Kuwait. Nimeshasoma maandishi ya namna hiyo zaidi ya mara moja, na yananikera, kwa sababu yanafuta mateso ya watu wengi kwa mstari mmoja wa wino.

Iraq iliingia vitani na Iran Septemba 1980 ikiwa na akiba ya fedha za kigeni inayokadiriwa kuwa dola bilioni 35. Akiba hiyo iliyeyuka katika miaka michache ya mwanzo. Hadi vita vinakwisha Agosti 1988 nchi ilikuwa inadaiwa makumi ya mabilioni, na miongoni mwa wadai ni Kuwait yenyewe. Nchi iliyomaliza akiba, inayokopa ili kununua risasi na ngano, haiwezi kumpa kila anayekuja na dinari moja dola 3.2169. Kwa hiyo haikumpa kila mtu. Dola za bei ya serikali zilikwenda kwa jeshi, kwa mashirika ya umma na kwa wenye vibali. Mwananchi wa kawaida alikwenda kwenye magendo, na kufikia mwishoni mwa 1989 huko dola moja iliuzwa karibu dinari 3. Bei rasmi na bei ya mtaani zilipishana kwa karibu mara kumi.

Walioumizwa zaidi na pengo hilo hawakuwa hata Wairaqi. Wamisri zaidi ya milioni moja walikuwa Iraq wakati wa vita, wakilima mashamba na kujenga nyumba mahali pa vijana waliopelekwa mstari wa mbele. Mshahara wao ulikuwa wa dinari, nao waliruhusiwa kutuma sehemu yake nyumbani kwa bei ya serikali. Hazina ilipokauka, kikomo cha kutuma kikashushwa, kisha kikashushwa tena. Dinari iliyobaki mkononi mwa fundi wa Kimisri baada ya kikomo hicho ilikuwa ya kuuza magendo kwa sehemu ndogo ya thamani, au ya kutumia papo hapo Baghdad. Jedwali halioneshi chochote cha haya. Katika jedwali fundi yule alilipwa vizuri. Waliokuwa watu wazima Tanzania au Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati dola ya benki ilikuwa jambo la kusikia tu, hawahitaji kufafanuliwa zaidi.

Kuwait nayo haikuwa nchi ya malaika. Mwaka 1982 soko lake la hisa la pembeni, Souk al-Manakh, liliporomoka na kuacha hundi za tarehe za mbele zenye thamani ya takriban dola bilioni 94, kwa nchi iliyokuwa na watu kama milioni moja na nusu. Wafanyabiashara na hata maofisa wakubwa walikuwa wameandikiana hundi wasizoweza kuzilipa. Lakini tazama walichofanya na sarafu: hawakuigusa. Hasara ilimalizwa kwa kesi, mapatano na fedha za hazina, na dinari ikaendelea kubadilishwa na yeyote, kwa yeyote. Nchi ilikuwa imejiwekea akiba nje tangu 1953, ilipofungua ofisi ya uwekezaji London, na tangu 1976 ilikuwa ikitenga sehemu ya mapato ya mafuta kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Tarehe 2 Agosti 1990 majeshi ya Saddam Hussein yakaingia Kuwait. Kabla ya mwezi kwisha nchi ilitangazwa kuwa mkoa wa 19 wa Iraq, na dinari ya Iraq ikaamriwa kuwa sawa na dinari ya Kuwait, moja kwa moja. Usawa wa 1961 ukarudi kwa amri ya kijeshi. Fanya hesabu uone amri hiyo ilikuwa na maana gani. Dinari ya Kuwait ilikuwa na thamani ya dola 3 na nusu hivi. Dinari ya Iraq mtaani ilikuwa na thamani ya theluthi ya dola. Kumlazimisha muuza duka wa Kuwait apokee moja kwa moja ni kumwambia akuachie bidhaa ya dinari kumi kwa bei ya moja. Mwanajeshi anayevunja kioo cha duka anaonekana na kila mtu. Anayeingia na noti halali na kiwango kilichotiwa saini huonekana mteja. Kwangu mimi huu ndio uporaji mkubwa zaidi wa miezi ile saba, na haukuhitaji hata lori.

Malori yalikuwepo pia. Dhahabu na noti za Benki Kuu ya Kuwait zilibebwa hadi Baghdad. Serikali iliyokimbilia Taif, Saudi Arabia, ilikuwa na silaha ambayo Saddam hakuifikia: akiba iliyokuwa nje ya nchi. Kwa akiba hiyo iliendelea kuwalipa wananchi wake walioko uhamishoni na kuchangia gharama za vita. Nchi ilipokombolewa mwishoni mwa Februari 1991, hazikupita siku 30 kabla ya noti mpya kutolewa, tarehe 24 Machi, ili noti zilizoporwa zisiwe na kazi. Dinari ikarudi karibu na thamani yake ya kabla ya uvamizi. Dhahabu ilirudishwa mwaka uleule chini ya Umoja wa Mataifa. Iraq iliendelea kulipa fidia kutoka mapato yake ya mafuta hadi mwanzoni mwa 2022, ilipotimiza dola bilioni 52.4.

Sasa tuje kwa Iraq baada ya 1991, sehemu ambayo jedwali linashindwa kabisa. Vikwazo vya Umoja wa Mataifa viliifungia nchi isiuze mafuta na isipate noti zake kutoka kwa mchapishaji wa Uingereza. Serikali ikaanza kuchapisha yenyewe, kwa karatasi hafifu na picha ya Saddam, na ilichapisha kwa kadiri ya shida zake, ambazo hazikuwa na mwisho. Mei 1993 ikatangaza kuwa noti za zamani za dinari 25 zimefutwa. Waliokuwa nazo walipewa wiki tatu kuzibadilisha, na mipaka ikafungwa ili walioko nje wasiwahi.

Wakurdi wa kaskazini, waliokuwa wamejitenga na Baghdad tangu 1991, hawakuweza kubadilisha. Wakabaki na noti za zamani, zilizoitwa dinari za Uswisi kwa sababu mabamba yake ya kuchapia yalitengenezwa huko. Hapakuwa na benki kuu nyuma yake. Hapakuwa na serikali inayozikubali kulipia kodi, wala sheria inayomlazimu mtu azipokee. Zilichakaa, zikachanika, zikaunganishwa kwa utepe, nazo zikaendelea kununua mkate na ng'ombe Erbil na Sulaymaniyah kwa miaka kumi. Upande wa pili, dinari yenye kila muhuri wa serikali ilianguka hadi dola moja ikafika dinari 3,000 hivi mwishoni mwa 1995.

Watu wengi huiona habari hii kuwa ajabu. Mimi naona ndiyo ufunguo wa jozi yetu yote. Noti ya Kikurdi ilishika thamani kwa sababu hakuna aliyeweza kuongeza nyingine. Ilishika pia kwa sababu watu waliamini kwamba siku Saddam akiondoka, serikali itakayokuja itaitambua. Ndiyo maana vita vilipokaribia mwaka 2003 ilizidi kupanda. Imani hiyo ililipwa. Julai 2003 utawala wa Paul Bremer, Mmarekani aliyewekwa kuiongoza Iraq baada ya uvamizi, ulitangaza dinari mpya, na katika zoezi la kubadilisha lililoanza 15 Oktoba 2003 hadi 15 Januari 2004, dinari moja ya Saddam ililipwa dinari moja mpya, na dinari moja ya Uswisi ikalipwa 150. Noti hizo mbili zilikuwa sawa miaka kumi iliyotangulia.

Kwa muda wote huo kiwango rasmi cha Iraq kilibaki palepale, dola 3.2169 kwa dinari. Takwimu nyingi za kimataifa zimekinakili hivyo mwaka baada ya mwaka. Matokeo yake ni mchoro wa ajabu: mstari ulionyooka kwa miaka 20, kisha baada ya utawala kuanguka dinari inaonekana kuporomoka usiku mmoja kutoka thuluthi ya dinari kwa dola hadi karibu 2,000. Asiyejua atasema uvamizi wa Marekani ndio ulioua dinari. Uvamizi ule ulileta maovu mengi ambayo Wairaqi wanayalipia mpaka leo, lakini dinari ilikuwa maiti zamani. Kilichokufa mwaka 2003 ni tarakimu ya uongo.

Kosa hili la kusoma lina waathirika walio hai. Tangu 2004 kumekuwa na biashara kubwa, hasa Marekani, ya kuwauzia watu wa kawaida noti za dinari ya Iraq kwa ahadi kwamba zitarudi kwenye dola 3.22, na mnunuzi wa noti chache ataamka tajiri. Hoja kuu ya wauzaji ni hii jozi yetu. Husema: dinari ya Kuwait ilianguka 1990, waliojanja wakainunua kwa bei ya bure, Kuwait ikaipandisha tena, wakawa mamilionea, Iraq ina mafuta zaidi, kwa hiyo nayo itafuata.

Kila kipande cha hoja hiyo kimepinda. Dinari ya Kuwait haikuzidishwa idadi. Kilichorudishwa mwaka 1991 ni thamani ileile ya mwezi mmoja kabla ya uvamizi, ikiwa na akiba ileile nyuma yake, na mwenye noti zilizoporwa hakupata kitu. Iraq ina dinari zaidi ya trilioni 80 katika mzunguko. Kila moja ikiwa na thamani ya dola 3.22, noti hizo pekee zingezidi mara mbili ya pato la dunia nzima kwa mwaka. Wasimamizi wa fedha katika majimbo kadhaa ya Marekani wametoa tahadhari, na baadhi ya wauzaji wametiwa hatiani mahakamani, lakini biashara inaendelea, kwa kuwa jedwali lipo na tarakimu ya 3.22 imeandikwa ndani yake kama kwamba iliwahi kuwa bei ya mtu yeyote.

Kuna kosa jingine dogo kidogo, la kudhani kwamba sarafu yenye thamani kubwa ni ushahidi wa maisha mazuri. Dinari ya Kuwait ni zaidi ya dola 3 kwa sababu ilianza ikiwa sawa na paundi nzima, na haijaharibiwa. Ukubwa wa tarakimu haumlishi mtu. Mwaka 2016 Kuwait iliweka kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani kuwa dinari 60, sawa na dola 200 hivi, kwa kazi ya kukesha na kuamka. Dada kutoka Kenya au Uganda anayelipwa hivyo analipwa kwa sarafu yenye thamani kubwa kuliko zote duniani. Faida anayoipata kweli, ambayo fundi wa Kimisri wa Baghdad aliikosa, ni kwamba hizo 60 anaweza kuzituma kwao zote, kwa bei iliyoandikwa ukutani. Umadhubuti wa sarafu nauona hapo, mlangoni mwa duka la kubadilishia fedha, zaidi ya kwenye tarakimu.

Iraq yenyewe bado haijatoka katika bei mbili. Desemba 2020 benki kuu iliishusha dinari kutoka chini kidogo ya 1,200 kwa dola hadi 1,450, kisha Februari 2023 ikaipandisha hadi 1,300. Marekani ilipokaza masharti ya kuhamisha dola, kwa kuwa mapato ya mafuta ya Iraq hupitia akaunti ya New York, wasio na nyaraka walirudi mitaani, na bei ya mtaani Baghdad imekuwa juu ya ile ya benki kwa dinari mia na zaidi. Mwanahistoria wa mwaka 2060 akichukua 1,300 pekee atakuwa amekosea kidogo tu safari hii, si mara kumi. Hayo ni maendeleo, nayo yanastahili kutajwa.

Mara kwa mara Baghdad huzungumzia kuondoa sufuri tatu kwenye noti zake. Siku hilo likifanyika, dinari moja ya Kuwait itakuwa dinari 4 na ushei za Iraq, na jedwali litaonesha kuwa dinari ya Iraq imepanda mara elfu kwa usiku mmoja. Wauza noti watalisambaza jedwali hilo asubuhi hiyohiyo. Mwenye noti ya 25,000 atakwenda benki, atapewa 25, na atanunua nazo mkate uleule alionunua jana.